Nani Anamsubiri Mteja? Safari ya Seva za Wavuti Kutoka CGI Hadi nginx

Watengenezaji programu wana swali wanaloulizana kila siku: nitumie Apache au nginx? Wengine huongeza: na PHP niiweke ndani ya seva au nje yake? Mara nyingi majibu huja kama ya mashabiki wa Gor Mahia na AFC Leopards, kila mtu anatetea timu yake. Leo tuuweke ushabiki kando. Turudi nyuma miaka zaidi ya thelathini, tuone kila mpangilio ulizaliwa kutatua tatizo gani. Ukilijua tatizo, kuchagua si kazi ngumu.

Nitakupa ufunguo mapema, ndugu msomaji. Historia hii yote inazunguka maswali mawili tu. La kwanza: programu yako inaishi wapi baada ya ombi moja kwisha na kabla ya jingine kufika? La pili: ni nani anayekaa kumsubiri mteja mwenye mtandao wa polepole?

Haya, tuanze. Seva ya kwanza ya wavuti iliandikwa na Tim Berners-Lee huko CERN, Uswisi, mwaka 1990. Kazi yake ilikuwa nyepesi: kivinjari kinaomba faili, seva inalisoma kutoka kwenye diski na kulituma. Ukurasa ulikuwa uleule kwa kila mtu. Lakini watu walitaka kurasa zinazojibu. Walitaka kujaza fomu, kutafuta jina katika orodha, kuona habari zinazobadilika.

Jibu lilitoka mwaka 1993 katika kituo cha NCSA, Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, ambako Rob McCool alikuwa ameandika seva iliyoitwa HTTPd. Jibu hilo ni CGI. Si programu, ni mapatano tu kati ya seva na programu yako. Ombi likifika, seva inaanzisha programu yako kama mchakato mpya, inaipa habari za ombi, inapokea kile ambacho programu imechapisha na kumpelekea mteja. Kisha programu inakufa.

Uzuri wa CGI ni kwamba unaweza kuandika kwa lugha yoyote, na programu ikianguka inaanguka peke yake. Ubaya wake? Ni kama hoteli inayoajiri mpishi mpya kwa kila sahani. Mpishi anaingia, anawasha jiko, anakanda unga, anapika chapati moja, anazima jiko, kisha anafutwa kazi. Mteja wa pili akija, mwajiri mpishi mwingine! Kwa programu ya Perl, maana yake ni kupakia lugha nzima, kusoma msimbo wote na kufungua hifadhidata upya kwa kila ombi. Wateja wakiwa wachache hakuna neno. Wakiongezeka, mashine inatumia nguvu nyingi kuwasha jiko kuliko kupika.

McCool aliondoka NCSA mwaka 1994 na seva yake ikabaki bila mtunzaji. Waendeshaji tovuti wakaanza kubadilishana marekebisho kwa barua pepe, na Februari 1995 wanane kati yao wakaunda kundi la Apache. Toleo la 1.0 lilitoka Desemba 1995, na kufikia Aprili 1996 hesabu ya Netcraft ilionyesha Apache ikiongoza seva zote kwenye intaneti.

Nguvu ya Apache ilikuwa moduli. Ikiwa tatizo ni kumwajiri mpishi kila mara, basi aje aishi humo humo hotelini. Moduli ya mod_perl ya mwaka 1996 iliiweka Perl ndani ya Apache. PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliianza mwaka 1994 kama programu za CGI na kuitoa kwa umma mwaka 1995, nayo ikaja kuwa moduli ya Apache. Ukiiunganisha na Linux na MySQL unapata mpangilio uliojulikana kama LAMP. Weka faili lako kwenye folda, fungua kivinjari, ukurasa unafanya kazi. Urahisi huo ndio uliowafungulia watu wengi mlango wa kutengeneza tovuti.

Mwaka huohuo wa 1996 kampuni ya Open Market ilileta jibu tofauti, FastCGI. Programu iishi, ndiyo, lakini iishi nje ya seva, katika mchakato wake yenyewe, na seva izungumze nayo kupitia soketi. Wakati huo wengi waliipita tu. Ishike akilini, kwa sababu itarudi.

Sasa tuone gharama ya mpishi anayeishi ndani. Katika Apache ya mtindo wa prefork, kila mteja aliyeunganishwa anapewa mchakato wake, na kila mchakato umebeba PHP nzima, hata kama unatuma picha tu. Tupige hesabu. Tuseme una seva yenye kumbukumbu ya MB 512. Linux na MySQL zichukue MB 200. Zinabaki 312. Ikiwa mchakato mmoja unakula MB 25, una nafasi ya michakato 12. Lakini kikomo cha MaxClients katika prefork, usipokigusa, ni 256. Zidisha 256 kwa 25 upate MB 6,400!

Hapo ndipo tovuti nyingi zilipofia. Siku ya kawaida kila kitu ni sawa. Siku habari zako zinaposambaa na wageni wanakuja kwa wingi, Apache inazidi kuanzisha michakato, kumbukumbu inajaa, mashine inaanza kuazima nafasi kwenye diski, kila ombi linachelewa, na kwa kuwa yanachelewa mengine yanarundikana. Tovuti inakufa siku ileile ambayo umewangojea wageni mwaka mzima.

Na bado hatujamtaja mteja wa polepole. Tuseme ukurasa wako una kilobaiti 100, na PHP imeutayarisha kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mteja anatumia simu ya GPRS inayopokea kilobiti 40 kwa sekunde. Kilobaiti 100 ni kilobiti 800, kwa hiyo ukurasa utachukua sekunde 20 kumfikia. Sehemu kubwa ya muda huo mchakato wako wa MB 25 umesimama tu, unamlisha kijiko kimoja kimoja. Akimaliza, Apache za 1.3 na 2.0 zilikuwa zikimngoja sekunde 15 zaidi, huenda akaomba kitu kingine. Hiyo ndiyo kazi ya KeepAliveTimeout. Wateja 12 wa namna hiyo, na wa 13 anasimama nje.

Kwetu Kenya hili si jambo la vitabuni. Kabla ya nyaya za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti na nje yalitegemea sana setilaiti. Yule mteja wa polepole anayeshikilia mchakato wa watu alikuwa mimi na wewe.

Mwaka 1999 Mmarekani Dan Kegel aliliweka tatizo wazi. Mashine za kisasa, alieleza, zina nguvu ya kuhudumia wateja 10,000 kwa pamoja, kwa hiyo kizuizi kiko katika namna programu zinavyoandikwa. Suala hilo likaitwa C10K. Badala ya mchakato mmoja kwa kila mteja, mchakato mmoja uangalie wateja wengi, na kiini cha mfumo uendeshaji kiuambie nani yuko tayari. FreeBSD ilipata kqueue mwaka 2000, na Linux ikaipata epoll katika toleo la 2.6 la mwaka 2003.

Juu ya msingi huo Jan Kneschke wa Ujerumani alianzisha lighttpd mwaka 2003. Huko Urusi, Igor Sysoev aliyekuwa akifanya kazi Rambler alianza kuandika nginx mwaka 2002, akaitoa kwa umma Oktoba 2004. Huyu sasa ni mhudumu mmoja anayezunguka meza zote. Hasimami kando ya mteja mmoja hadi amalize kutafuna.

Lakini mhudumu huyu hapiki. Akiingia jikoni kungoja hifadhidata kwa sekunde mbili, meza zake zote zinakosa huduma. Ndiyo sababu PHP haikuwekwa ndani ya nginx. Mpishi akae nje, katika mchakato wake. Hapo FastCGI ya mwaka 1996 ikapata kazi.

Lugha nyingine zikafuata njia hiyohiyo. Python ilipata mapatano ya WSGI, yaliyoandikwa na Phillip J. Eby mwaka 2003, ili programu isifungwe kwa seva moja. Rails ilipotoka mwaka 2004 ilikuwa nzito kuianzisha, CGI haikufaa kabisa. Mwaka 2006 Zed Shaw akatoa Mongrel, seva ndogo inayobeba Rails. Unaendesha kadhaa, na mbele yake unaweka Apache au nginx igawe maombi. Kwa PHP, kazi ya Andrei Nigmatulin iitwayo PHP-FPM iliingizwa rasmi katika toleo la 5.3.3, Julai 2010.

Tuwe waadilifu, wazo la kutenganisha halikuanza na nginx. Watumiaji wa mod_perl walikuwa tayari wakiweka seva nyepesi mbele na nzito nyuma. Na Apache yenyewe haikulala: toleo la 2.4 la Februari 2012 lilileta mtindo wa event uliokomaa pamoja na moduli ya kuzungumza na PHP-FPM. Kwa hiyo "Apache au nginx?" si swali kubwa tena. Uliza kwanza kama mhudumu na mpishi wametenganishwa.

Basi ufanyeje? Kwanza, hesabu wapishi wako. Chukua kumbukumbu iliyobaki, gawanya kwa ukubwa halisi wa mchakato mmoja, na namba hiyo ndiyo uiandike kwenye pm.max_children ya PHP-FPM, au MaxRequestWorkers, jina jipya la MaxClients tangu Apache 2.4. Usiogope ikiwa ndogo. Foleni fupi inayosonga ni bora kuliko jikoni palipojaa watu wasioweza kugeuka. Kuhamia nginx bila kuhesabu ni kuhamisha ajali kutoka chumba kimoja hadi kingine.

Pili, picha na mitindo zitumwe na seva ya mbele bila kumgusa mpishi. Tatu, mwache mhudumu apokee sahani nzima upesi. Kwa kawaida nginx huchukua jibu kutoka kwa programu, hulishikilia yenyewe, na kumlisha mteja wa polepole huku mpishi akipika kingine. Nne, ikiwa tovuti yako ni ya ofisi ya watu kumi na inategemea faili za .htaccess, ambazo nginx haizisomi, mod_php inatosha. Usinunue lori kubeba debe moja la mahindi.

Na CGI je? Amazon ilipotangaza Lambda mwaka 2014, programu ikarudi kuamshwa ombi linapofika, ingawa siku hizi huachwa hai kwa muda ikingoja ombi jingine. Watu wakaanza kulalamika kwamba ombi la kwanza linachelewa. Wazee wa Perl wanamjua mpishi huyo: bado anawasha jiko.