Kuku Alipotoka Tembeni

Leo tuzungumze juu ya kuku na usiku. Najua unangoja nikuambie habari ya misumari na mabati, na nitafika huko. Lakini nakuomba kwanza tupitie historia kidogo, maana ukiijua utaona kwa nini kanu na nyegere wanakusumbua wewe kuliko walivyomsumbua babu yako.

Hapo zamani, hapa Ugogo, kuku hakuwa na banda lake. Alilala ndani. Nyumba ya wazee wa hapa ilikuwa tembe, na wako wanaoishi katika tembe hata sasa. Unaijua: nguzo zimesimikwa, boriti juu yake, fito zikapangwa, kisha udongo ukatandazwa mpaka dari ikawa bapa, mtu anaweza kuanika mtama juu yake. Kuta ni fito na udongo. Mlango ni wa chini, unainama kuingia. Vyumba vinazunguka ua, na ndani ya ua ndimo ng'ombe walimolala. Mbuzi wadogo na ndama waliingia vyumbani pamoja na watu, na kuku nao waliparamia vilindo vya nafaka au wakajibanza kwenye kona karibu na jiko.

Richard Burton, Mwingereza aliyepita Ugogo mwaka 1857 na msafara wake, aliandika habari za tembe hizi. Yeye alinung'unika sana juu ya hongo aliyotozwa njiani, lakini hayo si mazungumzo yetu ya leo. Ninachotaka uone ni kwamba nyumba ile ilijengwa kwa akili. Nchi hii ya uwanda wa kati ina nyasi chache za kuezekea, upepo ni mkali, na nyakati zile waliogopwa wavamizi wa ng'ombe. Basi tembe haikushika moto upesi, haikung'olewa na upepo, na adui hakupata pa kupenya. Pale asipopenya adui mwenye mkuki, hata kanu alipata shida. Mlango ulikuwa mmoja, nao ulifungwa kwa gogo. Moto uliwaka ndani karibu usiku kucha, na watu walilala hatua mbili kutoka pale kuku alipolala. Kuku akipiga ukelele, mama ameamka.

Usidharau kuku katika historia hii. Njaa kubwa iliyoitwa Mtunya, kati ya mwaka 1917 na 1920, iliwakuta watu wa hapa wakati ng'ombe na nafaka vimekwisha kuchukuliwa na majeshi ya vita, kwanza ya Wajerumani, kisha ya Waingereza. Mtu aliyebaki bila ng'ombe anaanzaje upya? Mwenyewe unaijua ngazi yake: kuku wanazaliana, wanabadilishwa kwa mbuzi, mbuzi wanazaliana, wanabadilishwa kwa mtamba. Ngazi hiyo bado ipo. Na mara nyingi mtu anayesimama kwenye kipandio cha kwanza ni mama mwenye nyumba, ambaye kwa mtetea mmoja hununua chumvi, daftari la mtoto, au hulipia dawa zahanati. Kwa hiyo nyegere akiua mitetea minane usiku mmoja, usiseme ni hasara ndogo ya kuku tu.

Sasa ngoja tuone mabadiliko. Mwaka 1971 ilianza Operesheni Dodoma, baada ya miaka ya ukame na njaa. Watu waliokuwa wametawanyika mbali mbali waliletwa kukaa pamoja katika vijiji vya ujamaa. Mnamo Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri kwa nchi nzima, na kazi ikamilike kabla mwaka 1976 haujaisha. Nyumba zikapangwa kwa mistari. Watu wakahimizwa wajenge nyumba bora, za matofali, zenye madirisha, na mwenye uwezo aezeke bati.

Mimi sisemi nyumba ya matofali ni mbaya. Sababu ya kuihimiza ilikuwepo, tena nzito. Katika nyufa za tembe na vumbi la sakafu yake hukaa papasi, mdudu anayetoka usiku kunyonya damu na kumwachia mtu homa ya vipindi, ile homa ya papasi. Hospitali ya Mvumi, hapa hapa Dodoma, imeuguza watu wengi wa homa hiyo, hasa akina mama wajawazito na watoto wachanga, ambao huwaua upesi. Utafiti wa eneo hilo uliochapishwa mwaka 2007 ulikuta vimelea vya jamii ya homa hiyo katika damu ya kuku na nguruwe pia. Kwa hiyo mabwana afya waliosema "toeni kuku ndani" walisema kweli.

Lakini shauri lile liliishia nusu. Kuku alitolewa ndani, na mara nyingi hakuna aliyeeleza alale wapi. Nasi wa kilimo na mifugo tuna sehemu yetu katika hilo: kwa muda mrefu shabaha ya mafunzo ilikuwa kuku wa kisasa na mabanda ya saruji, wakati kuku wa kienyeji alionekana kama ndege anayejitunza mwenyewe. Basi akajitunza. Akarudi kwenye asili yake ya msituni, akapanda mwembe, akapanda paa la jiko, akaingia chini ya ghala. Tatizo ni kwamba kuku gizani haoni vizuri. Ukimgusa usiku hukaa kama gunia. Kanu na paka pori wanapanda mti kuliko mwanao.

Sasa, ndugu mkulima, ujenge nini? Mimi nakushauri uichukue akili ya tembe na kuiweka nje. Jenga banda la fito lililoinuliwa juu ya nguzo, urefu wa kiuno cha mtu. Fito zibanane kiasi kwamba hata vidole viwili visipite, maana panya na nyoka wanahitaji nafasi ndogo sana. Kila nguzo izungushie kipande cha bati laini, hata la debe kuukuu, upana wa mkono toka kiwiko hadi vidole. Panya na kanu wakifika hapo kucha zao huteleza. Kata matawi yanayogusa paa. Fyeka vichaka kuzunguka banda.

Wavu mwembamba wa kuku usiutegemee peke yake. Ule unazuia kuku asitoke. Haumzuii nyegere asiingie. Nyegere ana nguvu, anang'oa ubao, anachimba. Ukikuta shimo limechimbwa na mlango umevunjwa, huyo ndiye. Kama banda lako liko chini, zungushia msingi wa mawe ulioingia ardhini. Mawe hapa kwetu hayanunuliwi. Mayai yakitoweka bila hata ganda kubaki, shuku nyoka. Na tafadhali usitege mzoga wenye dawa ya wadudu. Atakufa mbwa wako kwanza, kisha tai, na mtoto anaweza kuuokota.

Kuku waliozoea mti hawataingia siku ya kwanza. Wafungie humo siku saba, uwape maji na pumba mle mle. Baadaye kila jioni, jua likiwa bado halijazama, tupa konzi ya mtama ndani huku ukiwaita kwa sauti ile ile. Wakiisha kuingia wahesabu, kisha funga mlango kwa komeo ambalo mkono tu ndio unaoweza kulifungua. Koo anayeatamia naye aingie, hata kama amechagua kichaka. Mhamishe usiku pamoja na mayai yake.

Mahali pa kuliweka banda pafikirie vizuri. Liwe karibu kiasi kwamba ukiwa umelala uwasikie kuku wakishtuka, lakini lisiguse ukuta wa nyumba unayolala, kwa sababu ya papasi. Hatua kumi hivi zatosha. Zoa kinyesi kila wiki ukipeleke shambani, na nyufa za udongo zinazotokea kiangazi uzizibe kabla mvua hazijaanza.