Masheikh wa Barawa Katika Baraza ya Sultani



Kila mwaka katika kitabu chetu hiki twasoma nani kazaliwa, nani kaoa na nani katutangulia mbele ya haki. Safari hii naomba nafasi nieleze habari za wazee wawili wa Barawa, au Miini kama tuitavyo wenyewe. Watoto wetu hapa Fridley hawawajui, na sisi wazazi aghalabu twajua majina tu.

Seyyid Said bin Sultan alipoifanya Unguja makao yake, yeye alikuwa Ibadhi, na raia walio wengi walikuwa Mashafii. Hakuwalazimisha kuacha madhehebu yao. Palikuwa na kadhi wa Kiibadhi na kadhi wa Kishafii, ili kila mtu ahukumiwe kwa fikihi yake katika ndoa, mirathi na madeni. Katika kutafuta makadhi wa Kishafii, jicho la Sultani lilifika hadi kwetu Barawa.

Wa kwanza ni Sheikh Muhyiddin al-Qahtani, kadhi wa Unguja zama za Seyyid Said na za mwanawe Seyyid Majid, aliyefariki 1869. Kiarabu alikibobea, lakini dua yake mashuhuri ya kuomba mvua aliitunga kwa Kiswahili. Mkulima aliyekuwa akitazama mawingu hakuhitaji mfasiri ndipo aitikie amin.

Wa pili ni mwanafunzi wake, Sheikh Abdulaziz bin Abdulghany al-Amawi. Seyyid Said alimpa ukadhi wa Kilwa naye hajatimiza miaka 20, kisha akawa kadhi Unguja chini ya masultani waliofuata. Kazi yake haikuwa hukumu tu. Seyyid Barghash alimtuma mjumbe hadi nchi za Ruvuma, naye akaandika habari za safari zake. Nyumbani alisomesha, na mapadri wa Kiingereza walimwendea kwa mijadala. Edward Steere, aliyekuwa askofu baadaye, ameeleza katika kitabu chake cha lugha cha 1870 kwamba Sheikh alijitolea kumfasiria Zaburi, lakini Kiswahili chake kilikuwa cha kitaalamu mno kwa haja ya misheni. Sheikh huyo huyo alianza kutunga kamusi ya Kiswahili na Kiarabu, asijaaliwe kuimaliza.

Msidhani kwamba maisha ya barazani yalikuwa asali tupu. Katika zama hizo hizo Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa alitiwa gerezani na Seyyid Barghash, kwa kuwa mafunzo yake yaliwavuta Maibadhi kwenye Usuni. Hakutoka mpaka Barghash alipofariki 1888. Basi kila kadhi alijua kuwa mkono uliomvika joho ndio uwezao kumvua. Kula riziki ya mfalme na huku ukabaki na madhehebu yako na kauli yako ni mtihani, na wazee hawa waliishi nao miaka mingi.

Sheikh Abdulaziz alifariki 1896, mwaka ule ule ambao manowari za Kiingereza zililipiga mizinga jumba la Sultani. Mwanawe, Sheikh Burhan, naye alikuwa kadhi. Usultani wenyewe uliondoka Januari 1964.

Kilichobaki ni darasa. Sheikh Abdulla Saleh Farsy, aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alikusanya habari za wanavyuoni hawa katika kitabu kilichotolewa Mombasa 1972. Ukikisoma utaona kwamba anachokifuata sana ni silsila: fulani kasoma kwa fulani, naye kwa fulani. Cheo hutolewa na mfalme na hufa pamoja na ufalme. Elimu hupokewa mkono kwa mkono, wala haiulizi nani yuko kitini.

Sisi tuliotawanywa na vita vya 1991 hatukubeba majumba wala mashamba. Silsila hiyo twaweza kuibeba, lakini na yo hupotea isipoandikwa. Kwa hiyo nawaombeni, kabla ya kitabu cha mwakani, kila nyumba iandike jina la aliyewafundisha alifu na be, na aliyemfundisha yeye. Waulizeni bibi zenu pia, maana wengi wetu tulianza kusoma kwa wanawake. Ulizeni sasa, wangali hai.

Wabillahi tawfiq.