Hukumu ya Wodini

Mwaka 1994 Wamarekani walianza kuonyesha ER, tamthilia ya chumba cha dharura. Mgonjwa anaingizwa mbio kwenye kitanda cha magurudumu, madaktari wanapigiana kelele, na kabla ya saa moja kwisha mara nyingi umeshajua kama amepona. Sisi hospitali yetu ya kuigiza ni mahakama. Mtu hapelekwi wodini kutibiwa, anapelekwa kusomewa alichokifanya. Unakijua kipande hicho: chupa ya dripu, daktari anayevua miwani kabla hajasema neno, mgonjwa anayemwomba mkewe msamaha, kikohozi, shuka linafunika uso. Nimekiona kwenye filamu za Bongo mara nyingi mno, hata naweza kukuambia kikohozi kitaanza lini.

Mimi nilikijua kabla sijaona televisheni. Kwetu Kasanda, enzi hizo tukiwa bado wilaya ya Kibondo, kulikuwa na redio ya baba na betri zilizoanikwa juani ili zijikaze siku mbili zaidi. Julai 1993 Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati, mchezo wa jioni, mara mbili kwa juma. Mhusika aliyetukaa kichwani alikuwa Mkwaju, dereva wa lori, mlevi, mwenye mwanamke kila anapoegesha gari. Mkewe Tunu alikuwa nyumbani na watoto.

Mchezo ule haukutungwa kwa kubahatisha. Ulifuata mbinu za Miguel Sabido, mtayarishaji wa Mexico ambaye tangu miaka ya 1970 alitunga tamthilia za televisheni kwa kanuni: awepo mwema anayetuzwa, awepo mbaya anayeadhibiwa, na kati yao awepo anayeyumba, kwa sababu anayeyumba ndiye wewe msikilizaji. Kwa hiyo Mkwaju alikuwa ameshahukumiwa tangu siku anawasha injini. Ilikuwa lazima augue Ukimwi, na ilikuwa lazima afe.

Na mchezo ulifanya kazi yake. Mitambo ya Dodoma iliachwa ikirusha vipindi vingine hadi 1995, makusudi, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Waliosikia walisema wamepunguza wapenzi na wanatumia kondomu zaidi. Huwa nawafikiria watu wa Dodoma, waliokaa miaka miwili bila kuonywa ili sisi tupimwe, ila hiyo ni habari nyingine.

Miezi mitatu baada ya mchezo kuanza, Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye aliuawa Burundi, na watu wakaanza kuvuka mpaka kuja kwetu na Kasulu kwa maelfu. Nyuma yao yakaja malori: mahindi, maharage, maturubai. Barabara ambayo gari likipita watoto tulilikimbilia, ikawa na foleni. Na madereva! Tuliwaita Mkwaju wote, hata aliyekuwa akisali. Msichana akionekana anacheka karibu na lori, jioni anaambiwa, "Tumekuona na Mkwaju." Tamthilia ilikuwa imetupa jina la kila mtu kabla hatujamjua.

Shangazi yangu alipoanza kukonda, nilikuwa darasa la tano. Alikuwa na mwanaume mmoja maishani, mume wake, mkulima wa mihogo ambaye hata baiskeli aliazima. Lakini kijiji kilikuwa kimeshaujua mpangilio: penye kitanda pana kosa. Wanawake waliokuja kumjulia hali walikaa kidogo, wakatoka, na huko njiani wakaulizana Mkwaju wake alikuwa nani. Hakuna aliyemuuliza mume. Kosa si la waandishi, hawakusema kila mgonjwa ni Mkwaju. Tuliotoa hukumu ni sisi, kwa kanuni tuliyoizoea: ukimuona mtu wodini, rudisha hadithi nyuma utafute dhambi.

Tangu 2004 serikali ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo, watu hao wanalima, wanazaa, wanagombea uenyekiti wa kijiji. Kile kipande cha dripu kilipaswa kufa mwaka huo. Kinaendelea, nadhani, kwa sababu ni rahisi: kitanda kimoja, chupa moja, chumba kimoja, na mtazamaji anamalizia mwenyewe.

Jioni moja shangazi alikuwa amelala kwetu chumba cha ndani, hana tena nguvu ya kukaa. Muziki wa mchezo ukaanza, na baba akanyoosha mkono akazima redio. Sikuwahi kumuona akiizima saa ile. Tukakaa kimya, tukisikiliza jirani zetu wakisikiliza.

"Kaka," sauti ikatoka ndani, "mbona umezima?"

Baba akasema betri zimekwisha.

"Ziko juu ya bati, nimeziona mchana. Washa. Nataka kujua Tunu biashara yake imefika wapi."

Sikuwa hata nakumbuka kwamba Tunu alikuwa na biashara. Alikuwa ameshaachana na Mkwaju, ameanza kujitegemea, na kijiji kizima hatukuwa tumemwita mtu yeyote Tunu.

Baba akatoka kwenda kuchukua ngazi.