Picha ya Baada: Limfoma, Kamera na Swali la Kupona

Tukizungumzia historia ya picha Afrika Mashariki, wengi wetu tunakimbilia studio: pazia lililochorwa mnazi, redio mapajani, bwana na bibi wamesimama wima utadhani wako mbele ya hakimu. Ni historia nzuri na ina waandishi wake. Ila ipo albamu nyingine ambayo sisi wapenda fasihi hatuifungui, pengine kwa sababu inatisha: albamu ya hospitali. Humo picha huenda mbili mbili, ya kabla na ya baada. Nimeifuatilia kwa muda sasa, na naona imebeba swali moja ambalo kila kizazi cha madaktari kimelijibu kwa mashine yake: huyu mtu amepona?

Tuanzie Kampala, maana ndiko kwa jirani zetu sisi wa Bukoba na Muleba. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, daktari Hugh Trowell alimwita mwenzake wa upasuaji, Denis Burkitt, aje kumtazama mtoto wa miaka mitano aliyevimba taya pande zote nne, juu na chini, kulia na kushoto. Muda si mrefu, akiwa hospitali ya Jinja, Burkitt akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ileile. Mwaka 1958 akachapisha makala, na leo ugonjwa huo unaitwa limfoma ya Burkitt. Limfoma ni saratani inayoanzia kwenye chembe za kinga, zile zinazokaa kwenye matezi, au mitoki kama tunavyosema mtaani. Hii ya Burkitt ina kasi ya ajabu. Uvimbe unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili.

Burkitt alikuwa Mwairishi aliyepoteza jicho moja utotoni, na alipenda kamera. Wagonjwa wake aliwapiga picha, na picha hizo akazifanya chombo cha utafiti: alizituma kwa vipeperushi kwenye hospitali nyingi za Afrika akiuliza, je, na huko kwenu mmemwona huyu? Oktoba 1961 yeye na wenzake wawili waliingia kwenye gari kuukuu na kusafiri majuma kumi, maili zipatazo 10,000, wakipita Tanganyika hadi kusini mwa Afrika, hospitali kwa hospitali. Waligundua kwamba ugonjwa unapenda nchi za joto na mvua, na nyanda za juu zenye baridi unazikwepa.

Kisu hakikusaidia. Kilichosaidia ni dawa zilizoanza kujaribiwa miaka ileile, methotrexate na cyclophosphamide. Hapo ndipo picha ya baada ilipozaliwa. Mtoto aliyepigwa picha huku jicho likisukumwa nje na uvimbe, baada ya sindano chache anapigwa tena, na uso umerudi! Hata leo, ukizitazama picha hizo mbili kwa pamoja, unashindwa kuamini kwamba ni mtoto mmoja. Kwa wakati ule, duniani kote, saratani kuyeyuka kwa dawa tupu ilikuwa habari kubwa. Mwaka 1967 Kampala ikafungua kituo maalumu cha kutibu limfoma chini ya daktari kijana kutoka Marekani, John Ziegler. Kituo hicho ndicho kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mwanahistoria Marissa Mika ameandika kitabu kizima juu yake, Africanizing Oncology, cha mwaka 2021.

Kumbe kamera ilikuwa ikisema nusu ya ukweli. Baadhi ya watoto wenye nyuso zilizorudi walirudi wodini, ugonjwa umejificha kwenye ubongo na uti wa mgongo, mahali ambapo lenzi haifiki. Picha ya baada ilisema kweli juu ya ngozi, ikanyamaza juu ya ndani.

Basi madaktari wakatafuta njia ya kuona ndani. Eksirei ya taya ilikuwa na siri yake ndogo: kuzunguka mzizi wa jino kuna mstari mwembamba mweupe, na limfoma ikiingia taya, mstari huo hufutika mapema. Dawa ikifanya kazi, mfupa hujijenga upya. Kwa matezi ya tumboni, mbinu ya kati ya karne ilikuwa kupenyeza dawa nzito ya mafuta kwenye vijishipa vya mguu ili ipande hadi kwenye matezi. Ilikaa humo miezi, kwa hiyo eksirei ya kawaida iliyorudiwa ilitosha kuonyesha kama tezi limesinyaa. Kisha, Oktoba 1971, mgonjwa wa kwanza akapigwa CT skani mjini London, na taratibu mwili ukaanza kusomwa vipande vipande kama mkate uliokatwa.

CT ilileta rula. Sasa uvimbe una sentimita. Hapa ndipo hadithi inaponigusa mimi.

Mwaka 2019 mjomba wangu wa Kagoma, Muleba, alimaliza dripu sita za kemo. Yake haikuwa ya Burkitt, ilikuwa limfoma ya watu wazima, tumboni. Kabla ya tiba uvimbe ulikuwa sentimita tisa. Baada ya tiba, CT ilisoma tatu. Mjomba mwenyewe alikuwa anakula, anatembea, amerudi kwenye migomba yake. Ila ile tatu ilikaa na sisi kama mgeni asiyeaga. Shangazi alimuuliza daktari, "Mwanangu, tumeuza kahawa yote, mbona bado kipo?" Daktari akajibu kwa upole, "Mama, kinachoonekana kinaweza kuwa ugonjwa, kinaweza kuwa kovu. Picha hii inapima ukubwa. Haijui kama kilichomo kiko hai."

Jibu lile sikulielewa hadi niliposoma. Donge la limfoma likifa haliondoki lote. Huacha nyuzi ngumu, kama gofu la nyumba iliyohamwa. CT inaliona gofu, haijui kama ndani kuna mtu. Mwaka 1999 wataalamu wa kimataifa walipoandika vigezo vya kupima majibu ya tiba ya limfoma, ilibidi waweke fungu la watu wa namna ya mjomba: ugonjwa umeondoka wote, bila uthibitisho. Nisomapo maneno hayo najiuliza ni mwandishi gani wa riwaya angethubutu kuyabuni. Umepona, ila hatuna hakika!

Fungu hilo liliondolewa mwaka 2007, na lililoliondoa ni sukari. Chembe nyingi za saratani hula glukosi kwa pupa. Kwa hiyo mgonjwa hudungwa glukosi iliyofungiwa florini yenye mionzi, husubiri kama saa moja, kisha PET skani hutazama inakowakia. Gofu tupu haliwaki. Mwaka 2009 wataalamu walikutana Deauville, mji wa pwani ya Ufaransa, wakakubaliana ngazi tano za kusoma mwako huo kwa kuulinganisha na damu ya kifuani na ini la mgonjwa mwenyewe. Moja hadi tatu kwa kawaida ni habari njema. Nne na tano, kazi bado ipo. Mwaka 2014 ngazi hizo ziliingia kwenye mwongozo unaoitwa wa Lugano, ambao ndio unaofuatwa sana.

Nao mwako unadanganya. Kifua kikuu kinawaka, kidonda kinachopona kinawaka. Ndiyo maana huambiwa usubiri majuma sita hadi nane baada ya kemo, na zaidi baada ya mionzi, ili moto wa tiba yenyewe upoe kwanza. Kwa nchi zenye TB nyingi kama zetu, mwenye kuisoma picha hiyo lazima ajue na kikohozi cha mgonjwa.

Halafu kuna barabara. Baada ya dakika 110 hivi, nusu ya nguvu ya florini ile imekwisha. Baada ya nyingine 110, imebaki robo. Dozi za kwanza kabisa kudungwa watu, Philadelphia mwaka 1976, zililetwa kwa ndege kutoka maabara ya Brookhaven zikikimbizana na saa. Dawa hii haiwekwi kwenye friji ya zahanati. Lazima itengenezwe karibu na mashine inayoitumia. Mwaka ule wa mjomba, mahali tulipotajiwa ni Nairobi. Kutoka Kagoma kwenda Mwanza tu, kwa basi na kivuko cha Busisi, zile dakika 110 zingejirudia mara kadhaa kabla hujashuka stendi.

Hatukwenda Nairobi. Tulifanya kile ambacho wengi wa Kanda ya Ziwa hufanya: kusubiri miezi mitatu na kurudia CT. Siku ya majibu daktari aliweka picha mbili mezani, ya zamani na mpya, akapima. Tatu na tatu. Hakijakua. Akasema limfoma iliyo hai haina subira kiasi hicho, akampa tarehe nyingine.

Mashine ya bei ghali huuliza, je, ndani kuna uhai, na hujibu siku ileile. Asiye nayo hulipia jibu hilo kwa muda: miezi ya kulala usiku ukijipapasa shingo. Tofauti ya mtu wa Kagoma na mtu wa London haiko kwenye ugonjwa tu, iko pia kwenye urefu wa kutokujua. Hata hivyo wote wawili wanapewa kitu kimoja. Hakuna picha ya baada inayosema kesho. Inasema siku iliyopigwa.

Na haisomeki peke yake. Mpiga picha wa Mulago alilijua hilo, na daktari wa mjomba pia: bila ya kabla, ya baada haina maana. Kwa hiyo kama kwenu kuna ile bahasha kubwa ya filamu chini ya godoro au juu ya kabati, na mgonjwa wenu ana tarehe ya kurudi, msiitupe. Nendeni nayo.