Njia ya Ng'ombe ya Canning: Historia Iliyochorwa na Wenyeji wa Jangwa

Kwa miongo mingi, Njia ya Ng'ombe ya Canning ilisimuliwa kama habari ya ushujaa wa wachunga ng'ombe. Njia hiyo, yenye urefu wa takriban kilomita 1,850, inakata majangwa ya Australia Magharibi kati ya Halls Creek na Wiluna. Kwa wenyeji asilia, hata hivyo, habari hiyo huanzia kwenye maji.

Mpimaji ardhi Alfred Canning alipoitafuta njia hiyo mwaka 1906 na 1907, aliwafunga wenyeji minyororo ili wamwoneshe maji yao. Mpishi wa msafara alilalamikia ukatili huo, na mwaka 1908 tume ya kifalme ikaundwa kuuchunguza, lakini haikumtia Canning hatiani. Kufikia mwaka 1910, kikosi chake kilikuwa kimechimba takriban visima 50, vingi vikiwa mahali palepale wenyeji walipokuwa wakiteka maji. Ndoo nzito za visima hivyo ziliwafaa wenye ngamia, si familia zilizosafiri kwa miguu. Baadhi ya wenyeji walivivunja. Kundi la mwisho la ng'ombe lilipita mwaka 1959.

Mchoraji Rover Thomas, aliyezaliwa jirani na njia hiyo, aliondoka jangwani akiwa mtoto. Mwaka 1990 alikuwa miongoni mwa wawakilishi wa Australia katika maonesho ya sanaa ya Venice. Mwaka 2010, maonesho ya Yiwarra Kuju, yaani "njia moja", yalifunguliwa katika Makumbusho ya Taifa mjini Canberra. Humo, njia ya Canning ni mstari mmoja tu unaokatiza njia za kale za mababu, ikiwemo ile ya Dada Saba waliomkimbia mwanamume aliyewafuata.

Michoro hii si mapambo. Mwaka 1997, watu wa Ngurrara, waliokuwa wakidai ardhi yao, walichora turubai la takriban mita 8 kwa 10 kuonesha visima na nchi ya kila familia. Wachoraji walisimama juu yake, kila mmoja mahali pake, wakaeleza haki yao kwa lugha zao. Mwaka 2007, mahakama ilitambua umiliki wao. Mistari ambayo Canning hakuiona katika mchanga ilikuwa imesomeka mbele ya sheria.