Nyaya mbili, bafle moja: safari ndefu ya sauti inayosikilizwa nje

Mafundi wa redio wa Goma wanaijua kasoro hii. Simu imeunganishwa na bafle kubwa ya nje, watu wamekusanyika kusikiliza taarifa, na wimbo wa kufungulia unatoka, ingawa mwembamba kidogo. Msomaji wa habari anapoanza, anasikika kama mtu aliye chini ya maji, au hasikiki kabisa. Ampli ni nzima, simu ni nzima, na bafle haijapasuka. Kinachokosekana ni ile sauti ambayo watu wameijia. Sababu yake inatoka mbali, zaidi ya miaka 100.

Bafle za kwanza za hadhara hazikuwa na kushoto wala kulia. Mwaka 1915 huko California, Marekani, Peter Jensen na Edwin Pridham walitengeneza kipaza sauti chenye mdomo wa tarumbeta, na mwaka 1919 kifaa cha namna hiyo kilimwezesha Rais Woodrow Wilson kuhutubia umati mkubwa katika uwanja wa San Diego. Sauti ilipita njia moja tu, mono kama tunavyoiita leo. Hapa Kongo, kabla ya uhuru, redio za Léopoldville zilisikika katika mitaa ya Waafrika kupitia vipaza sauti vilivyofungwa hadharani, kwa kuwa waliokuwa na redio nyumbani walikuwa wachache. Kusikiliza kwa pamoja nje si mazoea yaliyozaliwa kambini.

Sauti ikaja kugawanywa mara mbili. Mwingereza Alan Blumlein, mhandisi wa kampuni ya EMI, aliomba hati ya uvumbuzi mwaka 1931 kwa kile tunachokiita stereo: njia moja kwa sikio la kushoto, nyingine kwa la kulia, ili msikilizaji ajue mwimbaji amesimama wapi. Alikufa mwaka 1942 katika ajali ya ndege akijaribu rada, kabla stereo haijaingia majumbani. Sahani za santuri za stereo zilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950.

Jambo la kuwasifu mafundi wa wakati ule ni kwamba hawakumwacha mwenye kifaa cha zamani. Katika sahani ya stereo, sindano inapokwenda kando kwa kando inabeba jumla ya kushoto na kulia, na inapopanda na kushuka inabeba tofauti yao. FM ikafuata mawazo hayohayo. Mfumo ulioidhinishwa Marekani mwaka 1961, ambao baadaye ulienea duniani, hutuma kwanza jumla ya pande zote mbili, kisha tofauti yake kwenye wimbi la pembeni la kilohezi 38. Redio ndogo yenye spika moja inachukua jumla na kuachana na tofauti, na mwenye redio hiyo hakosi neno hata moja.

Goma iliyahitaji hayo kuliko miji mingi. Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa siku chache, na kipindupindu kikaua watu wengi sana katika kambi zilizouzunguka mji. Mwaka huohuo Radio Agatashya ilianzishwa Bukavu ili kuwapa watu wa eneo hili habari za kuaminika. Agatashya ni yule ndege tunayemwita mbayuwayu. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ililipuka, lava ikapita katikati ya mji hadi ziwani, na watu wakakimbilia Gisenyi na Sake. Wiki chache baadaye, tarehe 25 Februari, Radio Okapi ilianza kurusha matangazo nchini kote, Kiswahili kikiwamo. Volkano iliporudi tarehe 22 Mei 2021, siku tano baadaye viongozi walitangaza kwamba mitaa 10 ihamishwe. Siku kama hiyo, aliyesikia nusu ya tangazo hajui kama mtaa wake umetajwa.

Redio ya mkononi ilikuwa imefanya hesabu ya kujumlisha ndani yake. Simu na flashi zilipochukua nafasi yake, fishi ya simu ikaleta kushoto na kulia vikiwa mbalimbali, na kazi iliyokuwa ya mhandisi wa kituo ikaangukia mikononi mwa fundi wa mtaani, au kijana wa parokia aliyepewa ufunguo wa stoo.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini zisiwekwe bafle mbili, moja kushoto na moja kulia. Sebuleni ni sawa. Uwanjani sauti hukimbia kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo bafle zikiachana mita 34, aliye karibu na moja anaisikia ya pili ikichelewa sehemu ya kumi ya sekunde, na maneno yanapandana. Halafu kuna umeme. Kipaza sauti cha mdomo wa tarumbeta kikipewa wati zilezile kinaweza kutoa desibeli 10 zaidi ya bafle ya kawaida ya mbao, maana yake kinafikia nguvu ileile kwa wati chini mara kumi. Kwa anayetegemea betri na paneli ya jua, hiyo ndiyo tofauti kati ya taarifa ya jioni na kimya. Besi hakina, lakini maneno hayahitaji besi.

Basi bafle iwe moja, na pande mbili ziunganishwe. Wengine huchukua waya wa kushoto tu na kuuacha wa kulia ukining'inia. Taarifa ya kawaida itapita, lakini mahojiano yaliyorekodiwa kwa mikro mbili, kila moja upande wake, yatatoa maswali bila majibu. Wengine hufunga nyaya mbili pamoja moja kwa moja, na kila upande wa simu unalazimika kuusukuma mwenzake. Njia ya mafundi makini ni kuweka rezistansi moja kwenye kila waya, kati ya ohm 470 na 1000, kisha kuziunganisha mbele yake. Ni vifaa vya bei ndogo mno. Hii hufanywa kabla ya ampli tu. Anayefunga pamoja milango miwili ya kutokea ya ampli anatafuta moshi.

Kuhusu msomaji aliyepotea, bafle nyingi za kisasa zenye ampli ndani zina mlango wa mikro unaotoa badala ya kujumlisha. Hupokea nyaya mbili na kutoa moja kutoka kwa nyingine, ili kelele iliyoingia njiani kwenye kebo ndefu ifutike. Ukiuletea kushoto na kulia kwa simu, utafuta kila kilicho sawa pande zote. Sauti ya msomaji huwekwa katikati, sawa kushoto na kulia, kwa hiyo yeye ndiye anayefutwa, na vinabaki vyombo vya muziki vilivyowekwa pembeni. Anayekwenda kwenye mipangilio ya simu na kuwasha mono akidhani ameponya, anazidisha: pande mbili zikiwa sawa kabisa, kinachobaki ni kimya.

Dawa iko kwenye kebo. Kushoto na kulia, kila kimoja na rezistansi yake, vinakwenda pamoja kwenye mguu wa 2 wa fishi ya mikro. Mguu wa 1 na wa 3 vinaunganishwa na waya wa ardhi wa simu. Baada ya hapo hata mono ya simu ikiwashwa haidhuru kitu.