Wenye kuona kidogo: lupu ya ordinatere inaelekea wapi ndani ya Linux?

Kuna watu ndani ya muji wa Bunia ambao si vipofu, lakini hawaoni vema. Unamkuta kijana ndani ya sekretaria publiki, pua karibu iguse kioo cha ordinatere, anatafuta kosa la herufi moja ndani ya TFC yake. Wanaongoja nyuma wanakasirika: «Fanya mbio, sisi pia tuko na kazi!» Kijana huyu si mvivu. Macho yake ndiyo hayatoshi.

Kwa watu kama yeye kuna lupu ya ordinatere, ni kusema programu inayokuza kila kitu kinachoonekana kwenye kioo: maandishi, picha, hata mshale wa kipanya. Ndani ya Linux lupu hii ni ya bure. Lakini wakati huu misingi yake inabadilishwa, na mtu asiyejua anaweza kujikuta siku moja lupu yake haifanye kazi tena.

Kuona kidogo, maana yake nini?

Kwa vipimo vya OMS, mtu anahesabiwa kuwa na uoni mdogo kama jicho lake lililo bora, hata akivaa miwani, liko chini ya 6/18. Kitu ambacho jicho zima linakiona kwa metre 18, yeye analazimika kukisogelea hadi metre 6, ao karibu zaidi.

Sababu ni nyingi: mtoto wa jicho, presha ya macho (glokoma), ugonjwa wa sukari. Watu wenye ualbino, karibu wote wanazaliwa na shida hii. Na hapa Ituri tunajua upofu wa mto, ugonjwa unaoletwa na inzi wadogo weusi wanaozaana penye mito ya mbio. Ndiyo sababu dawa ya Mectizan inagawiwa vijijini. Mtoto wa jicho unaweza kupasuliwa na munganga. Lakini presha ya macho ikisha kuharibu, kile kilichopotea hakirudi. Kinachobaki ni kutumia vizuri uoni uliobaki.

Juu ya nini Linux?

Kwanza, bei. ZoomText, programu ya kukuza inayojulikana sana kwa Windows, inauzwa kwa mamia ya dola. Ni kweli Windows yenyewe iko na lupu ya bure. Lakini tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisimamisha msaada wa kawaida wa Windows 10, na mashine nyingi zilizotengenezwa mbele ya mwaka 2018 hazikubaliwe rasmi na Windows 11. Ordinatere nyingi za mitumba tunazonunua huku ni za umri huo. Linux inaweza kuzipa miaka mingine.

Namna ya kuwasha lupu si ngumu:

- Kwenye GNOME, meza ya kazi inayokuja na Ubuntu: bonyeza pamoja Windows, Alt na 8. Ukitaka kukuza zaidi, Windows, Alt na =. Kupunguza, Windows, Alt na -. Ao pitia Paramètres, kisha Accessibilité, kisha Zoom. Hapo unaweza pia kugeuza rangi, maandishi yawe meupe juu ya weusi, jambo linalopumzisha macho yanayoumizwa na mwangaza.
- Kwenye KDE Plasma: Windows na =, kisha Windows na - kwa kurudi nyuma.
- Kwenye Xfce, ambayo ni nyepesi kwa mashine za zamani: shika Alt na kuzungusha gurudumu la kipanya.

Nini kinabadilika?

Tangu mwaka 1987, vioo vya Linux na ndugu zake vilisimamiwa na mfumo unaoitwa X11. Fikiria parseli yenye wapangaji wengi na vyumba visivyo na milango: kila mpangaji anaona kinachofanyika kwa jirani. Hivyo programu yoyote ndogo iliweza kupiga picha ya kioo kizima na kuikuza. KMag, xzoom na Magnus zilitengenezwa kwa njia hiyo. Lakini mwizi pia, ni kusema programu mbaya, aliweza kuchungulia neno lako la siri.

Mfumo mpya, Wayland, ulianzishwa mwaka 2008. Huu umeweka mlango na kufuli kwenye kila chumba. Ni mwenye parseli peke yake anayeona vyumba vyote, na huyo ni programu inayopanga madirisha kwenye kioo. Kwa usalama ni vizuri. Lakini lupu ya pembeni sasa inabaki nje ya mlango. Lupu inapaswa kuwa ndani ya meza ya kazi yenyewe, itengenezwe na walewale wanaotengeneza meza hiyo.

GNOME na Plasma ziko na lupu ya ndani, na inafanya kazi ndani ya Wayland. Na hizo ndizo zinazokimbia mbele: GNOME 49, iliyotoka Septemba 2025, imezima X11 kwa kawaida. KDE nayo ilitangaza Novemba 2025 kwamba Plasma 6.8 itatumia Wayland peke yake. Meza nyepesi kama Xfce na MATE bado ziko njiani. Hapo ndipo shida yetu: mashine dhaifu inataka meza nyepesi, lakini lupu ambayo kesho yake iko wazi inapatikana kwenye meza nzito.

Kasoro iliyobaki

Ukikuza mara 4, unaona sehemu 1 tu kati ya 16 za kioo. Zingine zimefichwa. Kwa hiyo lupu inapaswa kukufuata: si kufuata kipanya tu, lakini pia mahali unapoandika. Kama haifuate, unaandika bila kuona unachoandika, ao dirisha la onyo linafunguka pembeni na wewe hujui.

Ili lupu ifuate, kila programu inapaswa kuiambia mwandishi yuko wapi. Programu zingine hazisemi. Mwaka 2023 mfuko wa Ujerumani, Sovereign Tech Fund, ulitoa euro milioni 1 kwa shirika la GNOME, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kwa wenye ulemavu. Kazi haijaisha.

Wewe ufanye nini?

Kama unategemea lupu, usibadilishe toleo la Linux kwa haraka. Ubuntu 24.04 na Linux Mint 22 ziko na msaada hadi mwaka 2029. Muda huo unatosha kujaribu. Weka toleo jipya kwenye funguo ya USB, washa mashine kwayo bila kufuta kitu, jaribu lupu ukiwa unaandika, kisha uamue.

Wenye sekretaria publiki na walimu wa informatike, jifunzeni funguo hizi na muzionyeshe. Ni kazi ya dakika 5, na mwanafunzi anaweza kumaliza masomo badala ya kuacha. Sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wanaoishi na ulemavu ndani ya nchi yetu. Kuwasha lupu hakuombe hata bajeti.

Na ukiona kasoro, iseme kwa watengenezaji. Programu huru inatengenezwa pia na watumiaji wake. Mwaka 2004, ndugu zetu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitafsiri OpenOffice kwa Kiswahili, wakaiita Jambo OpenOffice. Hawakungoja mtu wa mbali awafanyie. Wenye kuona kidogo wa Bunia, Aru ao Mahagi nao wakinyamaza, lupu ya kesho itapangwa na watu wasioitumia.